Mtihani Unaoweza Kumshangaza Mtahini

Ndani ya viwanja vya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, hufanyika mtihani ambao alama yake ya kufaulu ni mia kwa mia. Mtahiniwa ana uzito wa kilo moja na ushei, macho hafifu na pua kali. Ni panya buku, yuleyule ambaye wakulima humlaani kwa kuwahamishia karanga zao shimoni. Mbele yake kuna kipande cha ardhi kilichopimwa kwa kamba, na chini ya udongo wake yamefukiwa mabomu halisi ya kutegwa ambayo yameshazimwa. Akiyabaini yote, anapata kibali cha kazi. Akipita juu ya moja bila kulikwaruza, amefeli, hata kama mengine yote ameyapata, na anarudishwa mazoezini.

Moro, mji kasoro bahari, ni mji wa mitihani. Pana SUA na pana Chuo Kikuu cha Mzumbe. Zipo shule za vipaji maalumu za Mzumbe na Kilakala. Na kila mwaka vijana kutoka mikoa yote hushuka kwenye basi katika kituo cha Msamvu wakiwa na begi, godoro na matumaini ya ukoo mzima. Ukipita vimbwetani msimu wa mitihani unapokaribia, utawakuta wanapiga msuli, wanabadilishana madesa, wanahesabu tesiti zilizobaki, wanaogopa sapu na, Mungu apishie mbali, kudisko. Msamiati huo wote ni wa mtahiniwa: mbinu zake, hofu zake, maangamizi yake. Mtahini hana msamiati wa kumsema. Yupo tu.

Mhadhara huu unamgeukia yeye. Unauliza kama mtihani unaweza kumfundisha mtahini jambo ambalo hakulijua alipokuwa akiutunga. Kwa kawaida swali hilo haliulizwi, kwa sababu mtihani huchukuliwa kuwa kazi ya kumpima anayejibu. Panya wa Morogoro wanaonyesha kwamba nusu ya kazi iko upande wa pili wa meza.

Habari yao ilianzia Ubelgiji. Mwaka 1997 Bart Weetjens, Mbelgiji aliyekuwa amefuga panya tangu utotoni, alianzisha shirika la APOPO kwa wazo ambalo wengi waliliona la kuchekesha: panya wafundishwe kunusa mabomu yaliyoachwa ardhini na vita. Ron Verhagen, mtaalamu wa wanyama wagugunaji wa Chuo Kikuu cha Antwerp, alimshauri asihangaike na panya wadogo wanaoishi mwaka mmoja au miwili. Achukue panya buku wa Afrika, ambaye akitunzwa hufikisha miaka minane, ili gharama ya kumsomesha irudi. Na Morogoro haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Antwerp na wa SUA walikuwa wakiwatega, kuwahesabu na kuwaachia panya shamba wa eneo hilo, wale wanaofumuka kwa maelfu na kufukua mbegu za mahindi kabla hazijachipua. Walikuwa wameshabaini kwamba mvua za vuli zikinyesha nyingi, mwaka unaofuata mkulima ajiandae. Mwaka 2000 APOPO ilihamishia kambi yake SUA, kwa ushirikiano na chuo na Jeshi la Wananchi wa Tanzania.

Masomo huanza panya akiwa na umri wa wiki chache, macho yakiwa yamefunguka karibuni. Kwanza anazoeshwa watu, sauti, injini ya gari, majani ya kukanyaga. Kisha anafundishwa kwamba mlio mmoja mfupi wa kidude cha kubofya maana yake ni chakula: kipande cha ndizi au karanga. Hapo ndipo harufu inapoingia. Vipande vyenye baruti ya TNT hutiwa ndani ya vichujio vya chai, vile vya chuma vyenye umbo la yai, na panya hulazimika kuchagua kimoja kati ya vingi. Akipatia, mlio, baada ya mlio, ndizi. Baadaye vichujio hufukiwa, kisha huja mabomu yaliyozimwa, juujuu kwanza, halafu chini zaidi. Yote hayo huchukua karibu mwaka. Kazi hufanyika alfajiri, kwa kuwa mnyama huyu ni wa usiku na jua humuumiza. Masikio na mkia hupakwa mafuta ya kukinga jua.

Siku ya mtihani, panya hufungwa mkanda wa kifuani uliounganishwa na kamba iliyotandazwa kati ya wakufunzi wawili. Huenda na kurudi, pua chini. Anaponusa, husimama na kukwaruza. Kuna namna mbili tu za kukosea. Ya kwanza ni kupita juu ya bomu. Ya pili ni kukwaruza pasipo na kitu. Watahini wa Morogoro hawazihesabu sawa, na hapo wanatofautiana na walimu wengi. Kukwaruza bure huvumiliwa kwa kiwango kidogo kilichowekwa wazi, kwani gharama yake ni dakika za mteguaji kuchimba udongo mtupu. Kulipita bomu hakuvumiliwi hata mara moja, kwa sababu gharama yake ni mguu wa mtoto atakayekwenda kuchota maji hapo mwaka ujao.

Kwenye karatasi ya shule makosa hayo mawili hupata adhabu moja: alama sifuri. Mwanafunzi aliyeacha swali wazi kwa sababu hajui na yule aliyejaza jibu la uongo kwa kujiamini huondoka sawa. Tena, kwenye maswali ya kuchagua, anayebahatisha hana cha kupoteza, na walimu wa tuisheni humhimiza asiache nafasi hata moja. Mtihani wa namna hiyo unafundisha kitu, ingawa hakimo kwenye silabasi: kwamba kutojua ni aibu kuliko kudanganya. Mhandisi, daktari na fundi umeme wametoka kwenye madawati hayohayo.

Kibali cha Morogoro hakivuki mpaka. Panya akipelekwa Kambodia hutahiniwa upya kwenye udongo wa huko na mamlaka za huko kabla hajaruhusiwa kuingia kwenye eneo lenye mabomu hai. Mwaka 2021 kundi la panya vijana lilipofika, Kituo cha Kambodia cha Kushughulikia Mabomu kiliwapima kana kwamba hawajawahi kusoma popote. Walifaulu. Waliwapokea kijiti akina Magawa, panya aliyezaliwa Tanzania mwaka 2013 na kuanza kazi Kambodia mwaka 2016. Mwezi Septemba 2020 Magawa alitunukiwa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA, panya wa kwanza kuipata katika historia ya tuzo hiyo. Hadi anastaafu alikuwa amebaini mabomu ya ardhini 71 na silaha nyingine 38 ambazo hazikuwa zimelipuka. Alikufa Januari 2022. Rekodi yake ilivunjwa na Ronin, naye mzaliwa wa Tanzania, aliyeanza kazi Agosti 2021 na kufikisha mabomu 109 kufikia mwaka 2025. Msumbiji, ambako panya wa Morogoro walifanya kazi kwa miaka mingi, ilitangazwa kuwa nchi isiyo na mabomu ya ardhini mwaka 2015, kwa juhudi za mashirika na watu wengi, panya wakiwamo.

Sasa, kuhusu mtahini. Wakati wa mtihani, wakufunzi walioshika kamba hawajui mabomu yako wapi. Hiyo ni kanuni, na sababu yake ni farasi mmoja wa Berlin.

Mwanzoni mwa karne ya 20 mwalimu mstaafu wa hesabu aitwaye Wilhelm von Osten alikuwa na farasi, Hans, ambaye watu walijaa uani kumtazama. Aliulizwa jumla ya namba mbili, tarehe, hata sehemu za namba, naye alijibu kwa kugonga kwato. Mwaka 1904 tume ya wataalamu ilimchunguza na haikuona ujanja wowote. Akaja Oskar Pfungst, mwanasaikolojia kijana, na badala ya kumpima Hans akampima muulizaji. Alipanga mambo ili anayeuliza asijue jibu. Hans akafeli. Alimziba asimwone anayeuliza. Hans akafeli tena. Ikabainika kwamba farasi hakujua hesabu hata kidogo, alijua watu. Idadi ya mapigo ilipofikia jibu sahihi, muulizaji alitikisa kichwa kidogo mno, bila mwenyewe kujitambua, na Hans aliacha kugonga. Von Osten hakuwa tapeli. Kwa miaka alikuwa akisikiliza majibu yake mwenyewe yakirudi kwa mlio wa kwato.

Mkufunzi wa panya anaweza kufanya kosa lilelile kwa kamba. Akijua bomu liko hatua tatu mbele, mkono utalegea au kukaza, macho yatatangulia, pumzi itabadilika. Panya, ambaye ameishi kwa kusoma dalili ndogo kuliko hizo, atajifunza mkono wa mkufunzi na kuisahau TNT. Atafaulu Morogoro na kuua mtu Kambodia. Kwa hiyo ramani ya mabomu hukaa kwa mtu mwingine, na walioshika kamba huingia wakiwa gizani kama mtahiniwa wao. Ni vigumu kumwona Hans darasani? Mwalimu anayeuliza, "Je, tumeelewa?" huku akitingisha kichwa, na darasa zima likaitikia "Ndiyooo!", ameshamkaribisha.

Lakini uwanja wa mabomu yaliyozimwa bado ni mtihani wa kawaida kwa maana moja: mahali fulani pana karatasi yenye majibu. Jambo linapendeza zaidi kwenye maabara ya kifua kikuu, ambako karatasi ya majibu yenyewe ina makosa.

Tangu mwaka 2007 zahanati na hospitali za Dar es Salaam na Morogoro zimekuwa zikipeleka kwa APOPO makohozi ya wagonjwa ambayo yameshapimwa kwa hadubini. Makohozi hupashwa moto kuua vijidudu, kisha vikombe hupangwa chini ya sakafu ya kizimba yenye matundu. Panya hupita tundu hadi tundu. Akiiacha pua juu ya tundu kwa sekunde kama tatu, amesema: hapa pana ugonjwa. Sampuli mia humchukua dakika 20 hivi, kazi ambayo mtaalamu mwenye hadubini angeifanya kwa siku nne. Kasi hiyo huvutia waandishi wa habari. Kinachostahili kukaliwa kitako ni namna ya kusahihisha.

Tuseme sampuli moja imeandikwa na zahanati kuwa haina ugonjwa, na panya ameisimamia. Mtahini wa kawaida angeandika kosa: panya amekwaruza bure. Ila hadubini nayo ina udhaifu unaojulikana na kila mhudumu wa maabara. Vijidudu vikiwa vichache haivioni, na hivyo huwakosa wagonjwa wengi, hasa watoto na watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Kwa hiyo sampuli zilizosimamiwa na panya hurudiwa kwa vipimo makini zaidi. Baadhi hukutwa na vijidudu kweli. Mtu aliyeambiwa aende nyumbani kwa kuwa hana kitu hutafutwa na kurudishwa kwenye dawa kabla hajaiambukiza familia nzima. Shirika lenyewe linasema njia hiyo imeongeza wagonjwa wanaogunduliwa katika vituo shirikishi kwa takriban asilimia 40.

Hapo mtahiniwa amemsahihisha mtahini, na utaratibu wa kazi umeandaliwa ili hilo liwezekane. Ndizi nayo ina kanuni yake. Panya hulipwa tu kwa sampuli ambazo ugonjwa wake umeshathibitishwa na zahanati, na ambazo zimechanganywa humo kwa makusudi. Kwa zile ambazo hakuna anayezijua hapati kitu papo hapo, hata kama amepatia, kwa sababu kumlipa jibu lisilohakikishwa ni kumfundisha kubahatisha. Maana yake ni kwamba majibu yake yenye thamani kubwa kuliko yote hayalipwi. Zile zinazojulikana hutumika kumweka katika hali ya kazi na kuonyesha kama leo pua yake iko sawa. Zisizojulikana ndizo kazi yenyewe. Kwenye maeneo ya mabomu hai hali ni hiyohiyo: eneo hupitiwa na zaidi ya panya mmoja, alama zao hufuatiliwa na wateguaji wenye vifaa, na panya huendelea kufanyishwa mazoezi kwenye ardhi ambayo majibu yake yanajulikana.

Tena panya hatoi cheti cha ugonjwa. Neno lake halimwanzishii mtu dawa mpaka lithibitishwe na kipimo kinachotambuliwa. Wapo wanaoliona hilo kama dharau kwa mnyama mwenye kipaji. Ni heshima kubwa, kwa sababu hakuna anayeilazimisha pua yake kujua zaidi ya inachojua.

Mitihani ya watu imepata nafasi zake za kumshangaza mtahini, na mara nyingine mtahini hakupenda. Mwalimu Julius Nyerere, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la Machi 1967, aliulaumu mtihani wa shule kwa kupima uwezo wa kukariri na kuandika haraka, ukiacha busara, tabia na utayari wa kutumikia. Tanzania ilijitoa kwenye baraza la mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, ikaunda Baraza lake la Mitihani kwa sheria ya mwaka 1973, na Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka kazi za mwanafunzi za kila siku nazo zihesabiwe. Ndiyo maana hadi leo kuna alama za maendeleo zinazotoka shuleni na alama za karatasi ya mwisho. Wazo lilikuwa zuri. Lakini lilimpa mwalimu kazi ya kushika kamba akiwa na ramani ya mabomu mfukoni: anafundisha, anatunga, anasahihisha, kisha anahukumiwa kwa alama hizohizo.

Februari 2013 Waziri wa Elimu, Shukuru Kawambwa, alitangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012. Zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata divisheni sifuri. Nchi ilitikisika. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume chini ya Profesa Sifuni Mchome, na Mei mwaka huo Baraza la Mawaziri likayafuta matokeo na kuagiza alama zipangwe upya, kwa maelezo kwamba utaratibu mpya wa kupanga madaraja ulikuwa umetumika bila maandalizi. Karatasi zilikuwa zilezile, majibu yaleyale, mwandiko uleule. Baadhi ya waliolala wamefeli waliamka wamefaulu. Waliotetea uamuzi huo walikuwa na hoja, kwa kuwa kizazi kimoja kingepimwa kwa rula ambayo kaka zao hawakupimwa nayo. Ila ilikuwa pia namna ya mtahini kushangazwa na jibu kisha kuirekebisha rula. Bomu haliruhusu hivyo. Lilipo lipo.

Miaka michache kabla ya hapo ulikuwa umekuja mtihani wa aina nyingine, mdogo, usio na cheti. Tangu mwaka 2010 mpango wa Uwezo, chini ya shirika la Twaweza, ulituma watu wa kujitolea nyumba kwa nyumba wakiwa na hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Mtoto anakaa kwenye mkeka wa kwao, anasoma. Hakuna shule inayopata sifa wala mwalimu anayepata lawama kwa jina. Takriban mmoja kati ya watano wa waliofika darasa la saba hakuweza kuisoma. Shule zilikuwa zimewapandisha watoto hao darasa baada ya darasa kwa mitihani yao zenyewe. Mtihani uliotoboa siri ni ule ambao hakuna aliyekuwa na faida ya kuufaulu. Na Januari 2023 Baraza la Mitihani likaacha kutangaza orodha za shule na wanafunzi bora kitaifa, jambo lililowahuzunisha wenye shule na wachapishaji wa mabango.

Milima ya Uluguru inayouinamia mji wa Morogoro nayo ilipata kuwa chumba cha mtihani, na watahini wake walikuwa wageni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliendesha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Hofu yake ilikuwa na msingi. Waluguru walilima miteremko mikali, udongo ulishuka mitoni, na mito hiyo ndiyo inayoulisha mto Ruvu, na Ruvu ndio wenye kuinywesha Dar es Salaam. Dawa iliyotolewa ilikuwa moja kwa mlima mzima: matuta ya ngazi, yaani kuuchimba mteremko uwe na sakafu bapa kama baraza juu ya baraza. Kila kaya ilitakiwa kuchimba, na asiyechimba alitozwa faini. Swali lilikuwa limeulizwa na jibu limeshaandikwa.

Wakulima walikuwa na majibu mengine. Udongo wenye rutuba juu ya sehemu kubwa ya milima ile ni mwembamba. Ukichimba sakafu bapa unaufukia huo na kuutoa nje udongo mwekundu wa chini usiozaa kitu. Mahindi yaliyopandwa juu yake yalidumaa, na kila mtu aliyaona. Kulikuwa na jambo jingine ambalo halikuwa la udongo. Ardhi ya Uluguru ni ya lukolo, ukoo unaohesabiwa kwa upande wa mama, na mgeni aliyelima ardhi ya lukolo lingine alitoa ngoto, zawadi ndogo ya kukiri kwamba si yake. Tuta la ngazi ni la kudumu. Atakayelichimba kwa jasho la miaka, kesho ataliita la nani? Maofisa waliyasikia hayo na kuyaandika kama ukaidi. Kwa lugha ya uwanja wa panya, walidhani mlima unakwaruza bure. Mwaka 1955 ghasia zilizuka upande wa Matombo, humohumo Uluguru, na serikali ikauacha mpango.

Waingereza waliondoka, miteremko ikabaki inalimwa, na suala la nani alikuwa sahihi likabaki bila kupimwa hadi tarehe 23 Februari 1970. Siku hiyo mvua ya takriban milimita mia ilinyesha Mgeta, magharibi mwa Uluguru, kwa muda usiofika saa tatu. Mlima ulimeguka katika maporomoko zaidi ya 1,000. Paul Temple wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Anders Rapp wa Uppsala walipanda kuyahesabu, poromoko kwa poromoko, wakiandika kila moja lilianzia wapi. Karibu yote yalianzia mashambani na kwenye miteremko ya majani. Msituni hayakufika hata asilimia moja. Mizizi mirefu ndiyo iliyoshika mlima. Hoja hiyo haikuwapa ushindi kamili maofisa wa 1955 wala wapinzani wao: wa kwanza walikuwa wameshughulika na udongo unaochukuliwa na maji juujuu, ilhali hatari kubwa ilikuwa inakaa kina kirefu zaidi, wa pili walikuwa wamekata miti.

Ajabu ya Mgeta ni kwamba matuta yapo. Anayepanda leo kutoka Mzumbe kwenda kijiji cha Nyandira huona miteremko imekatwa ngazi ngazi, imejaa kabichi, karoti, maharage na njegere zinazoteremka kwa magari hadi masoko ya Dar es Salaam. Ni matuta madogo, hutengenezwa kwa kulalia majani na mabaki ya mazao chini ya udongo, kisha hubomolewa na kujengwa upya msimu hadi msimu, kwa namna ambayo udongo wa juu haupotei. Wenyeji walikuwa wanayajua. Pana soko la mboga, pana ubaridi unaozifaa, na faida huonekana ndani ya miezi. Kwa hiyo jasho lina malipo yake. Upande wa Matombo, penye joto, ndizi na mihogo, hesabu ilikuwa nyingine kabisa. Mpango wa miaka ya 1950 ulikuwa umewapa wote karatasi moja.

SUA ilipoanza kazi yake ya muda mrefu na wakulima wa huko, ilikuja na mbuzi. Miaka ya 1980 mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway walifikishwa Mgeta kwa ushirikiano na Wanorwe, na wataalamu wenyewe hawakuwa na hakika kama mnyama wa nchi ya theluji angestahimili magonjwa ya Tanzania. Waliwaacha wakulima waamue kama anafaa. Familia ziliwajengea mabanda yaliyoinuliwa, kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kuchungia. Majani yalikatwa kwenye kingo za matuta. Samadi ilirudishwa kwenye kabichi. Maziwa yalinywewa na watoto na yaliyobaki yakauzwa. Wengine walijaribu wakaacha. Wengi waliendelea, na vitoto vya mbuzi hao vikawa vinatafutwa na majirani wa vijiji ambavyo mradi haukuwa umevifikia.